Watoto wa Mbwa Wanaozaliwa na Upungufu wa Kinga, na Ugonjwa wa Mapafu Unaowafuata

Mbwa haliwi wala hakamwi, na kwa hiyo wakulima wengi humhesabu wa mwisho katika mali yao. Walakini ndiye alalaye nje ili mwenyewe alale ndani. Ndiye afukuzaye ngedere na nguruwe mwitu katika mahindi, na ndiye abwekaye fisi akilikaribia zizi la mbuzi. Mwenye shamba la kando ya msitu asiye na mbwa hukesha mwenyewe, na aliyekesha usiku jembe lake huwa zito mchana. Kwa sababu hii mtoto wa mbwa akifa hasara si ndogo. Na hasara iliyo kubwa zaidi ni pale jike yule yule azaapo mara ya pili, nao watoto wakafa kwa ugonjwa ule ule, wala mwenyewe asijue kwamba ni mkono wake ulioleta jambo hilo.

Karatasi hii yaeleza sababu moja ya vifo vya namna hiyo, yaani upungufu wa kinga uliorithiwa kwa wazazi, na ugonjwa wa mapafu unaokuja juu ya upungufu huo. Si ugonjwa wa kila siku. Watoto wa mbwa wanaokohoa, walio wengi wana minyoo, au wameshikwa na distempa, au hulazwa penye moshi na unyevu. Mambo hayo mkulima ameambiwa mara nyingi. Hili la urithi hakuambiwa, na kumbe yeye ndiye awezaye kulizuia, kwa kuwa ndiye achaguaye dume gani ampande jike gani.

Jinsi ugonjwa unavyoonekana

Tuseme mkulima ana mbwa wawili walio ndugu wa tumbo moja, dume na jike, wote wawili hodari wa kulinda. Kwa kuupenda uhodari wao anawapandisha wao kwa wao, akitumaini kupata watoto wa namna ile ile. Watoto sita wanazaliwa, wanene, wananyonya vema, na kwa wiki sita za kwanza hapana aonaye tofauti yo yote. Wakiisha kuachishwa ziwa, mmoja au wawili wanaanza kubaki nyuma. Wenzao wanakua, wao hawakui, ingawa wanakula. Manyoya yanapoteza mng'ao. Ngozi inatoka vipele, na mahali pengine manyoya yananyonyoka, kwa kuwa utitiri mdogo ukaao katika ngozi ya mbwa bila kumdhuru sasa umepata nafasi ya kuzaana kupita kiasi. Huenda wakaharisha, wakapata nafuu, wakaharisha tena. Kila mara dawa inasaidia kidogo, na kila mara ugonjwa unarudi.

Kisha, kabla mwaka haujatimia, ugonjwa unaingia kifuani. Mtoto huyo hakimbii tena na wenzake. Akienda hatua chache husimama, hutanua miguu ya mbele, hunyosha shingo na kuhema kwa haraka. Kikohozi huenda kikawa kidogo, au kisiwepo kabisa. Pua haitoki makamasi mengi, macho hayana tongo, na mwili ukipimwa kwa kipimajoto aghalabu hauna homa, au unayo kidogo tu. Jambo hili la mwisho ndilo linalowadanganya watu, kwa sababu wamezoea kwamba nimonia ni ugonjwa wa homa kali. Yafaa kumhesabu pumzi alalapo usingizi, wakati hapana jua kali wala hakutoka kucheza. Mbwa mzima aliyelala huvuta pumzi chini ya mara 30 kwa dakika moja. Mgonjwa huyu aweza kuipita hesabu hiyo sana. Ufizi uliokuwa mwekundu hafifu ukigeuka rangi ya kibuluu, amekaribia kufa.

Msomaji asije akafanya haraka ya kuona urithi katika kila kikohozi. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo kubwa kuliko mwili wake, anayekohoa na kutapika minyoo, ana minyoo. Mabuu ya minyoo ya mviringo hupita mapafuni kabla ya kurudi tumboni, na ndiyo yaletayo kikohozi. Mwenye homa, tongo la macho, makamasi mazito, na baadaye kutikisika misuli au kifafa, yaelekea ana distempa. Na mtoto mmoja dhaifu katika kila uzao ni jambo la kawaida kwa mbwa, kama ilivyo kwa nguruwe. Lipasalo kumtia mkulima shaka ni kurudiarudia: magonjwa ya namna mbalimbali kwa mtoto mmoja, yakipona na kurudi, au watoto wa wazazi wale wale kupatwa katika uzao wa kwanza na tena katika uzao wa pili.

Kinga ya mwili na maziwa ya kwanza

Hewa aivutayo kila mnyama ina vumbi, na ndani ya vumbi mna mbegu za kuvu na vijidudu visivyohesabika. Chakula ndivyo kilivyo, na ngozi kadhalika. Mnyama hafi kwa hayo, kwa sababu mwili wake una ulinzi. Katika damu mna chembe nyeupe za namna nyingi. Ziko zinazowameza wadudu wa ugonjwa na kuwaua. Ziko zinazotengeneza kingamwili, yaani vitu vilivyomo katika majimaji ya damu, vinavyomnata mdudu na kumtia alama ili ajulikane na kuuawa. Ziko na nyingine ambazo kazi yao ni kutoa amri kwa hizo mbili. Ni kama kijiji chenye wapiganaji, wafua mikuki, na mzee wa kuwaita watu kwa ngoma: akikosekana mmoja katika hao, waliobaki wapo, lakini adui huingia.

Mtoto wa mbwa huzaliwa na kinga haba. Iliyo nyingi huipata katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ayanyonyayo siku ile ya kuzaliwa. Siku hiyo ikiisha kupita, matumbo hayapitishi tena kinga ya mama kuingia katika damu. Hiyo ni kinga ya kuazima. Humlinda kwa wiki kadhaa, ikipungua siku kwa siku, na kati ya wiki ya 6 na ya 16 huwa imekwisha. Mtoto mzima katika muda huo hujenga kinga yake mwenyewe. Aliyezaliwa na kasoro hana uwezo wa kuijenga, au huijenga nusu. Hii ndiyo sababu ya watoto wale wa mfano wetu kuwa wanene na wazuri mpaka walipoachishwa ziwa: walikuwa wakiishi kwa akiba ya mama yao.

Hapa lazima kutenganisha mambo mawili. Mtoto aliyefiwa na mama saa ile ya kuzaliwa, asipate dang'a, naye pia huwa dhaifu na kupatwa na magonjwa; lakini hiyo si kasoro ya urithi, na akivuka miezi ya kwanza aweza kuwa mbwa mzuri na kuzaa watoto wazuri.

Kuvu ikaayo mapafuni

Miongoni mwa vitu vinavyongoja kinga ipungue, mmoja ni kuvu mdogo sana aitwaye nimosisti. Mwaka wa 1909 mganga wa Brazil, Carlos Chagas, alimwona kwa hadubini katika mapafu, akadhani kwamba ni sehemu ya maisha ya mdudu mwingine aliyekuwa akimchunguza. Mwaka wa 1912 mtu na mkewe, Bwana na Bibi Delanoë wa Paris, walionyesha kwamba ni kiumbe mbali. Hata hivyo kwa miaka mingi wataalamu walimweka katika jamii ya vijidudu kama vile viletavyo malale na malaria, mpaka mwaka wa 1988 urithi wake ulipochunguzwa ikaonekana kwamba ni katika jamii ya kuvu.

Katika mnyama mzima, nimosisti akiingia kwa hewa, chembe nyeupe humla na habari yake huisha. Katika mnyama asiye na kinga hujishika katika ukuta wa vile vifuko vidogo vya hewa vilivyomo mapafuni, huzaana, na vifuko hujaa povu zito. Mapafu mazima ni mepesi kama sifongo na huelea majini. Mapafu ya mgonjwa huyu, akipasuliwa, huonekana magumu, yenye rangi ya kahawia au kijivu, nayo ni mazito. Mnyama havuji damu wala hatoi usaha. Anakosa hewa tu, taratibu, huku akila chakula chake.

Dawa nyingi zinazojulikana hazimwezi kuvu huyu. Penisilini haimgusi, kwa kuwa si bakteria. Dawa nyingi za kuvu nazo hazimfai, kwa sababu zimetengenezwa kuharibu mafuta fulani yaliyomo katika ukuta wa kuvu wengine, na huyu katika ukuta wake hana mafuta hayo. Ndiyo maana mkulima aweza kununua sindano tatu za namna tatu, akatumia fedha ya debe zima la mahindi, na mbwa akafa vile vile. Dawa imwezayo ni ile ya namna mbili zilizochanganywa, trimetoprimu na sulfa, iitwayo kotrimoksazoli, ambayo watu wengi huiita septrini. Hutolewa kila siku kwa muda wa wiki tatu hivi, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mbwa. Mbwa aliyeanzishwa mapema aweza kupona kifua kabisa. Lakini kasoro aliyozaliwa nayo haiponi kwa dawa hiyo, na ugonjwa waweza kurudi.

Mbwa ambao habari hizi zilijulikana kwao

Mwaka wa 1979 waganga wa wanyama wa Afrika Kusini waliandika habari za mbwa wadogo wenye miguu mifupi, waitwao Dachshund, waliokuwa wakishikwa na nimonia ya nimosisti kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Baadaye, katika habari zilizochapishwa mwaka wa 2000, damu za wagonjwa wa namna hii katika nchi hiyo hiyo zilichunguzwa, ikaonekana kwamba kingamwili zao zilikuwa chache kuliko ipasavyo, na chembe za kutoa amri hazikuitika vema zilipochokozwa. Ndipo ilipofahamika kwamba ugonjwa wa mapafu ulikuwa ni wa pili, na wa kwanza ulikuwamo katika damu tangu kuzaliwa. Huko Uingereza na penginepo jambo kama hili limeonekana kwa mbwa waitwao Cavalier King Charles Spaniel.

Mbwa hawa wana jambo moja walilo nalo sawa. Kila aina ilitengenezwa na watu kwa kuchagua mbwa wachache wenye umbo lililopendwa, kuwapandisha wao kwa wao, na kuwafungia nje wengine wote. Kwa njia hiyo walipata umbo walilolitaka, na pamoja nalo wakapata kasoro zilizokuwa zimejificha katika wale wachache.

Kasoro si moja. Kwa mbwa waitwao Basset Hound iko ambayo mama mzima kabisa huichukua bila kuugua, na kwa kukadiria nusu ya watoto wake wa kiume huirithi. Hao huanza kudhoofika wakiwa na wiki 6 hadi 8, na wengi hawafikishi miezi minne. Kwa hao hata chanjo ya distempa iliyotengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa imewahi kuwaletea distempa yenyewe, kwa kuwa hapakuwa na kinga ya kuishinda hata adui dhaifu. Kwa mbwa wekundu waitwao Irish Setter, waganga wa Marekani waliandika mwaka wa 1975 juu ya watoto ambao damu yao ilijaa chembe nyeupe kupita kiasi, na huku vidonda vyao havifanyi usaha. Chembe zilikuwapo, lakini hazikuweza kunata katika ukuta wa mshipa na kutoka kwenda penye vita. Ni kama askari waliofungiwa ndani ya gari moshi lisilosimama. Mwaka wa 1999 kosa lenyewe katika urithi wa mbwa hao lilipatikana, na tangu hapo damu ya mbwa yaweza kupimwa kabla hajapandishwa.

Mfugaji wa ng'ombe asidhani kwamba habari hii haimhusu. Kasoro iyo hiyo, ya chembe zisizoweza kunata, ilienea katika ng'ombe wa maziwa waitwao Holstein, kutoka kwa fahali mmoja wa Marekani aliyezaliwa mwaka wa 1952, jina lake Osborndale Ivanhoe. Fahali huyo na wajukuu wake walipendwa kwa maziwa ya binti zao, na mbegu zao zikauzwa kila mahali. Kipimo kilipopatikana, mwaka wa 1992, ilionekana kwamba katika mafahali waliopimwa Marekani, karibu 14 kwa kila 100 walikuwa wakiichukua kasoro hiyo. Ndama walioirithi kwa pande mbili walikufa wadogo, kwa nimonia na vidonda vya kinywa. Siku hizi katika orodha za mbegu za kupandishia, fahali wa Holstein aliyepimwa akaonekana safi huandikwa herufi TL, na mwenye kuichukua kasoro huandikwa BL. Anayenunua mbegu na aulize.

Jinsi wazazi wazima wanavyozaa mgonjwa

Wengi huona ajabu kwamba dume mzima na jike mzima wazae watoto wasio na kinga. Mahindi yatatueleza. Mkulima aliyepanda mahindi meupe karibu na shamba la mahindi ya manjano ameona kwamba katika mahindi yake meupe hutokea punje chache za manjano. Punje hizo zina mama mweupe na baba wa manjano, lakini rangi ya baba ndiyo ionekanayo. Sasa achukue punje hizo za manjano tu, azipande mbali na mahindi mengine yote. Atakapovuna ataona ndani ya mahindi yale punje nyeupe zimerudi, kwa kadiri ya robo moja ya punje zote. Weupe haukuwa umepotea. Ulikuwa umejificha nyuma ya manjano, ukangoja kukutana na weupe mwenzake.

Kila mbwa kwa kila sehemu ya mwili wake amepewa amri mbili, moja ya baba na moja ya mama. Amri hizo wataalamu huziita jeni. Ikiwa moja ni mbovu na moja ni nzima, kwa kasoro nyingi za namna hii ile nzima yatosha, na mbwa huishi maisha yake yote bila kuugua; lakini ameichukua mbovu, na nusu ya watoto wake watapewa. Wakikutana wawili wanaoichukua, kila mtoto ana bahati moja kati ya nne ya kupata mbovu mbili, na huyo ndiye mgonjwa. Bahati ni bahati: katika watoto wanane huenda wagonjwa wakawa wawili, au asiwepo hata mmoja, au wakawa wanne. Kwa hiyo uzao mmoja uliotoka salama si ushahidi kwamba wazazi ni safi.

Yako mambo mawili yafuatayo hapo ambayo watu huyasahau. La kwanza, ndugu wa mgonjwa walio wazima si safi wote. Kwa hesabu, wawili kati ya kila watatu wanaichukua kasoro. Wao ndio mara nyingi wanaobakizwa kuwa mbegu, kwa sababu waliokoka. La pili, kumbadili dume peke yake hakutoshi. Jike mwenye kasoro akipandwa na dume safi asiye wa ukoo wake, hapatatokea mgonjwa hata mmoja, na mkulima atafurahi. Lakini nusu ya watoto hao watakwenda na kasoro katika mashamba ya jirani, na huko miaka michache baadaye binamu atampanda binamu.

Mbwa wetu wa vijijini, ambao huzaana wapendavyo, kwa kawaida wamechanganyika sana, na jeni mbovu mbili hazikutani kwa urahisi. Hatari huingia pale mkulima anapowafunga mbwa wake na kuwapandisha baba kwa binti au kaka kwa dada. Au pale anunuapo mjini mtoto wa mbwa wa aina ya kigeni kwa bei kubwa, kwa mtu mwenye dume mmoja na majike mawili, wote wa tumbo moja. Anunuaye na aombe kuwaona wazazi wote wawili, aulize kama ni ndugu, na aulize habari za uzao uliotangulia: walikuwa wangapi, na wangapi wako hai. Muuzaji akikasirishwa na maswali hayo, hilo nalo ni jawabu.

Yapasayo kufanywa

Mwenye mbwa na awe na daftari. Aandike siku ya kupandisha, jina la dume na alikotoka, siku ya kuzaa, hesabu ya watoto, na kila kifo pamoja na umri na dalili zake. Daftari la senti chache limefichua kasoro nyingi kuliko hadubini, kwa kuwa mganga aonaye mgonjwa mmoja haoni ukoo.

Watoto wote wapewe dawa ya minyoo wakiwa na wiki mbili, na kurudiwa kila wiki mbili mpaka waachishwe ziwa. Hivyo kikohozi cha minyoo hakitachanganywa na kingine. Mtoto anayekonda na kuhema haraka apelekwe kwa mganga wa wanyama upesi, na mwenyewe achukue daftari lake na kumweleza juu ya ndugu zake waliokufa. Bila neno hilo mganga atafikiri nimonia ya kawaida. Penye vifaa atapiga picha ya eksirei, atapima damu, na huenda akaosha mapafu kwa maji kidogo ya chumvi ili kumtafuta kuvu kwa hadubini. Pasipo vifaa aweza kuanza dawa kwa kuzitazama dalili na ukoo. Mtoto kama huyo asipigwe sindano ya kotizoni kwa kubahatisha, kwa maana dawa hiyo hupunguza hata ile kinga ndogo iliyobaki. Wala mkulima asichukue vidonge vya septrini vya mgonjwa wa nyumbani na kumpa mbwa. Dawa ni ile ile, lakini kipimo si kile kile. Ikizidi au kutolewa muda mrefu bila uangalizi yaweza kumkausha mbwa macho na kumharibu ini, na mgonjwa wa nyumbani atakuwa amepungukiwa.

Chanjo za virusi hai zisitolewe kwa mtoto aliyekwisha konda mpaka mganga amtazame. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni mbali: ya sindano hutengenezwa kwa virusi vilivyouawa, haiwezi kumtia kichaa. Walakini kwa mbwa asiye na kinga huenda isishike. Kwa hiyo mbwa wa namna hiyo, akibaki hai, afungwe asizurure, na akiumwa na mbwa asiyejulikana asihesabiwe kwamba amelindwa kwa sababu tu ana cheti.

Wazazi wa mtoto aliyethibitika kuwa na upungufu huu wasipandishwe tena, wala wao kwa wao wala na wengine. Dume ahasiwe, jike afungwe kizazi, au afungiwe kila apatapo joto. Ndugu wa mgonjwa wafanywe vivyo hivyo. Si lazima kuwaua, nao waweza kulinda shamba miaka kumi. Ni vigumu kumhasi mbwa hodari, na waandishi wa karatasi hii wanajua kwamba wengi hawatakubali mara ya kwanza. Ndiyo maana tumesema juu ya daftari, kwa sababu mtu aliyeandika kwa mkono wake vifo saba huambiwa kwa urahisi zaidi kuliko aliyesahau vitano.

Swali moja litaulizwa, afadhali lijibiwe wazi. Mwezi wa Juni 1981 ilichapishwa habari ya vijana watano wa Los Angeles, Marekani, walioshikwa na nimonia ya nimosisti pasipo sababu iliyojulikana. Na hiyo ndiyo habari ya kwanza kuchapishwa ya ugonjwa ulioitwa baadaye UKIMWI. Kwa sababu hii wako watakaosema kwamba mbwa asiye na kinga ana UKIMWI. Sivyo. Virusi vya UKIMWI haviishi katika mbwa, na mbwa huyu hakuambukizwa na mtu wala na mnyama, alizaliwa hivyo. Nimosisti wa mbwa naye ni aina mbali na nimosisti wa mwanadamu, na hahamii kwa watu. Hata hivyo mbwa mwenye kinga haba hubeba minyoo na vijidudu vingine vingi. Mtu ambaye kinga yake mwenyewe imepungua asimlaze mgonjwa huyo chumbani mwake. Amwachie mwingine kumhudumia, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Mtoto akifa, na palipo na maabara ya mifugo karibu, mzoga upelekwe siku ile ile, umefungwa katika mfuko usiovuja na kuwekwa penye ubaridi, lakini usigandishwe kwa barafu, maana mapafu yaliyoganda hayasomeki vema kwa hadubini. Pamoja na mzoga upelekwe ukurasa wa daftari wenye habari za wazazi. Pasipo maabara, uzikwe mbali na kisima, katika shimo la kwenda chini futi tatu au zaidi, na mawe yawekwe juu ili fisi asiufukue.